Shoga, upinde, slay: Maneno yanayoingia Kagera bila kujitambulisha

Na Mwandishi Wetu, Bukoba na Muleba

Saluni iko Kashai, mjini Bukoba. Ni chumba kimoja chenye kioo kirefu, benchi la wateja na redio inayonasa stesheni za Tanzania na za Uganda kwa zamu. Msusi ni binti wa miaka ishirini na kidogo. Simu yake ameiegesha kwenye kopo la mafuta ya nywele, na kila akimaliza msuko mmoja anaitupia jicho kusoma maoni chini ya picha aliyoweka usiku uliopita.

Rafiki yake wa Tanga ameandika: "Shoga yangu umependeza." Binamu yake aliyeko Kampala ameandika "slay", herufi ya mwisho ameirudia mara kumi hivi. Mtu wa tatu, asiyemfahamu, ameweka alama ya upinde wa mvua na kikaragosi kinachocheka.

Kabla ya saa nne asubuhi kaka yake mkubwa alikuwa ameshapiga simu kutoka Mwanza, akimtaka aifute picha yote. Picha yenyewe ni ya binti aliyevaa gauni la kitenge kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Haina kingine. Kilichomtisha kaka ni maoni matatu yaliyowekwa chini yake.

Huko Muleba, grupu la WhatsApp la wazazi wa shule moja ya msingi lilichemka siku mbili kwa sababu ya mwavuli. Mtoto alikwenda nao shuleni, una rangi nyingi, kama miavuli ya watoto ilivyokuwa tangu zamani. Mtu akaupiga picha, akauliza mzazi wa mtoto huyo anafundisha nini nyumbani. Mama wa mtoto hakujibu. Alinunua mwavuli mwingine, wa kijani, maana katika mkoa huu huwezi kumwacha mtoto atembee bila mwavuli.

Hayo ndiyo yaliyolipeleka gazeti hili Bukoba na Muleba. Maneno na alama zinazohusishwa na watu wa mapenzi ya jinsia moja yamejaa kwenye simu za vijana, wengi wakiyatumia bila kujua yalikotoka, na wengi wakiyaogopa kwa kutojua vilevile. Wazazi na walimu wengi wangependa jambo hili lisizungumzwe kabisa. Lakini maneno yameshafika, na mtoto asipoelezwa na mtu mzima, ataelezwa na matusi ya mtandaoni.

Njia ya Pwani

Tuanze na neno linalojulikana kuliko yote. Shoga ni neno la wanawake. Unguja, Tanga, Mombasa na Lamu, mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa chanda na pete, yule anayemwazima kanga na kumwachia mtoto akienda msibani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inalitambua hivyo: jina wanaloitana wanawake walio marafiki. Huyo rafiki wa Tanga aliyeandika chini ya picha hakumaanisha zaidi ya hapo.

Maana ya pili, ile ya mwanamume anayelala na wanaume, nayo si ya jana. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd aliandika mwaka 1987 kuhusu Mombasa na kueleza jinsi watu wa mji ule walivyolitumia neno shoga kwa mwanamume wa aina hiyo, na basha kwa mwenzake. Mmarekani Deborah Amory aliyarudia maneno hayo katika utafiti wake wa Pwani uliochapishwa mwaka 1998, na kufikia wakati huo neno la Kiingereza "gay" lilikuwa limeshaingia na kupewa wingi wa Kiswahili: magai.

Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Oskar Baumann, Mwaustria ambaye mwaka 1892 alisafiri bara akitafuta chanzo cha Mto Nile, akaufuata Mto Kagera na tawi lake Ruvubu. Baadaye akawa konseli wa Austria Zanzibar. Maelezo aliyokusanya kisiwani yalichapishwa katika jarida la Kijerumani mwaka 1899, na ndani yake limo neno mke-si-mume, likitumiwa na Waswahili wenyewe.

Hanithi limetoka Kiarabu, na ndugu zake wapo Oman hadi leo. Mnorwe Unni Wikan aliandika mwaka 1977 kuhusu wanaume wanaoitwa hivyo katika mji wa Sohar. Msagaji linatokana na kusaga, na ni la Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

*Lugha haiundi jina la kitu ambacho haijawahi kukiona.*

Kwa hiyo anayesema jambo hili limeletwa na intaneti anakosea, maana lugha yetu ilikuwa na majina yake kabla ya redio. Anayedai kwamba Pwani ya kale ililikubali naye anavuta kamba mno. Maneno mengi kati ya hayo yalikuwa ya kunong'ona au ya kutukana, na mtu aliyeitwa hanithi mbele ya watu hakuwa amepewa sifa.

Kagera ina hali yake. Nyumbani watu husema Kihaya, na kwa Kihaya rafiki ni munywani, awe mwanamume au mwanamke. Kiswahili kilikuja kama lugha ya shule, soko, ofisi na mabasi. Neno shoga halikupanda meli ya Bukoba likiwa na kanga na taarabu yake. Kwa vijana wengi wa vijiji vya Muleba lilifika likiwa tayari ni tusi, kupitia magazeti ya udaku na kisha simu. Ndiyo maana binti wa Kihaya anashtuka akiitwa jina ambalo binti wa Kitanga anajivunia.

Dar es Salaam nayo imezaa ya kwake: bwabwa, choko, kaka poa. Hilo la mwisho limeundwa kwa mfano wa dada poa na humaanisha mwanamume anayeuza mwili. Yapo mengine ambayo gazeti hili halichapi. Yote husafiri kwa video fupi za vichekesho, ambamo mchekeshaji hulegeza kiuno na sauti, akalitamka neno, watu wakacheka. Mtoto wa darasa la sita Kamachumu anaiona asubuhi, na mchana anamwita hivyo mwenzake ambaye kosa lake ni kutopenda mpira.

Njia ya Mutukula

Mpaka wa Uganda hauko mbali, na ndugu wako pande zote mbili. Kihaya na Kiganda ni lugha za ukoo mmoja, kiasi kwamba mzee wa Bukoba hufuata taarifa ya habari ya Kampala bila mkalimani. Hivyo maneno ya Kiganda abasiyazi na ebisiyaga, yanayotaja watu na tendo lenyewe kwa ukali, yanaeleweka Kagera kuliko yanavyoeleweka Dodoma.

Mada yenyewe ilifika huku kwa njia ya kanisa kabla ya simu. Kila tarehe 3 Juni mahujaji kutoka Kagera huungana na maelfu wengine Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengi wao vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Katika masimulizi ya hija ile, kukataa matakwa ya mfalme kitandani ni sehemu ya ushahidi wao. Waumini wa hapa wamekua wakiisikia habari hiyo mimbarini.

Waganda wenyewe wanaohusika walijichagulia neno jingine: kuchu. Tofauti yake na majina yaliyotangulia ni kwamba hili hawakupewa na jirani wala na polisi. Lilijulikana duniani kupitia filamu ya mwaka 2012 inayomhusu David Kato, mwalimu na mwanaharakati aliyeuawa nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011. Miezi michache kabla, gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni wa kundi hilo, naye akiwamo, chini ya kichwa cha habari kilichotaka wanyongwe. Polisi walisema mauaji hayo hayakutokana na harakati zake. Wenzake hawakukubali.

Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alisaini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha isimame kwa sehemu kubwa. Katika wiki zile, mijadala ya Kampala ilikuwa ikisikika kwenye simu za Bukoba siku hiyohiyo.

Njia ya Harlem

Sasa tufike kwa yule binamu na "slay" yake.

Katika mtaa wa Harlem, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliofukuzwa makwao kwa sababu ya tabia zao walianza kukusanyika katika makundi yaliyoitwa nyumba. Moja ya kwanza ni nyumba ya LaBeija, iliyoanzishwa na Crystal LaBeija. Kila nyumba ilikuwa na mama yake, aliyewalisha na kuwaelekeza watoto wasio na mzazi mwingine. Usiku walishindana kwa mavazi, mwendo na ngoma.

Huko ndiko "slay", kwa maana ya kung'ara hadi wapinzani wakose pumzi, ilikopikwa. Huko ndiko ulikoanzia mtindo wa mashabiki kuwaita wasanii wa kike "mother" mtandaoni. Filamu ya Jennie Livingston ya mwaka 1990, Paris Is Burning, inamwonyesha Dorian Corey, mzee wa mashindano yale, akieleza tofauti ya kumsema mtu kasoro zake waziwazi na kumrushia "shade", yaani kumpiga fumbo aelewe mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji darasa kwa hilo. Sisi tuna vijembe na mipasho. Mwanamke wa Pwani akitaka kumjibu jirani huvaa kanga yenye maneno na kupita mlangoni kwake. Hata "tea", ambayo vijana huitumia kwa habari za chini ya kapeti na ambayo ilianza kama herufi T ya neno la Kiingereza lenye maana ya ukweli, Bongo ina mwenzake: ubuyu. Binti anayeandika "mwaga ubuyu" na yule anayeandika "spill the tea" wanaomba kitu kimoja.

Kutoka Harlem maneno yalipitia wimbo wa Madonna wa mwaka 1990, kipindi cha televisheni cha RuPaul kilichoanza mwaka 2009 na albamu ya Beyoncé ya mwaka 2022, ambayo mwenyewe aliitoa kwa heshima ya Jonny, ndugu aliyemwita mjomba, na ya mashindano yale. Kisha TikTok ikayamwaga dunia nzima. Njiani yakabadilika. Afrika Mashariki na Kusini iliunda "slay queen", na kufikia mwaka 2017 jina hilo lilikuwa la msichana anayeishi kwa kujionyesha mtandaoni na kutunzwa na wanaume wenye fedha. Hapo hakuna tena Harlem wala jinsia moja.

*Binti wa Kashai anaposema ame-slay, anasema amependeza. Hajasema lolote kuhusu anayempenda.*

Maneno ya siri hayakuanzia Marekani. Uingereza ilikuwa na Polari, mchanganyiko wa Kiitaliano, maneno ya mabaharia na ya watu wa majukwaa ya maonyesho, uliotumiwa na wanaume wa mapenzi ya jinsia moja kutambuana wakati kitendo chao kilikuwa jinai. BBC iliyatumia maneno hayo katika kipindi cha vichekesho cha redio kati ya mwaka 1965 na 1968, na wasikilizaji wengi walicheka bila kujua wanachochekea. Bunge lilirekebisha sheria ya England na Wales mwaka 1967, na lugha ile ikaanza kufifia, maana haja ya kujificha ilipungua. Afrika Kusini ina Gayle, iliyokulia Cape Town na inayotumia majina ya wanawake kama maneno, na isiNgqumo yenye mizizi ya lugha za Kinguni.

Mtandaoni leo anayefichwa si polisi peke yake, ni mashine inayochuja maneno. Ndiyo sababu unakuta herufi s imegeuzwa alama ya dola na o imekuwa sifuri. Wanaotukana nao hutumia mbinu hiyohiyo, tusi lipite bila kufutwa.

Rangi ngapi?

Mwavuli wa Muleba una historia yake. Bendera ya upinde ilishonwa San Francisco na Gilbert Baker pamoja na wenzake wa kujitolea, ikapandishwa tarehe 25 Juni 1978. Ilikuwa na rangi nane. Waridi iliondolewa kwa sababu kitambaa chake kilikuwa adimu, kisha nyingine ikaondolewa, na mwaka 1979 zikabaki sita: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu na zambarau.

Tanzania neno upinde lilikuwa la mvua, la hadithi ya Nuhu na la vitabu vya kupaka rangi vya chekechea. Kuanzia mwaka 2023 hivi likawa pia fumbo: "watu wa upinde". Februari 13 mwaka huo, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa kuwa vinakiuka maadili ya nchi, ukiwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney. Tangu hapo wazazi walianza kukagua madaftari, soksi na keki za siku ya kuzaliwa.

Hofu ya mzazi si ya kubezwa. Mtu ana haki ya kujua mwanawe anasoma nini. Lakini ukaguzi wa rangi umewafanya watu wengi wamtafute adui kwenye nguo za mtumba. Muuzaji mmoja wa nguo za watoto katika soko la Bukoba huziweka chini kabisa ya rundo fulana zenye upinde, akiwaonyesha tu wanaoziulizia. Fulana hizo zimeshonwa kwa watoto wa miaka mitatu, nyingine zina picha ya farasi mwenye pembe na wingu. Wapo wanaohesabu michirizi, wakisema saba ni ya Mungu na sita ni ya wale. Anayechora upinde kwa penseli za dukani, zenye rangi sita tu, atapona vipi kwa hesabu hiyo?

Juliana

Kagera inalijua jambo hili la majina kuliko mikoa mingi, na uchungu wake haujaisha.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini walipatikana katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Ugonjwa ulikuwa hauna jina la Kiswahili. Watu wakauita Juliana, kutokana na vitambaa vya jina hilo vilivyokuwa vikivushwa kwa magendo kutoka Uganda na kupendwa na wasichana. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, waliuita slim, kwa jinsi mgonjwa alivyokonda, na jina hilo likaingia katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1985.

Fikiria maana ya jina Juliana kwa msichana wa wakati ule. Kuvaa kitambaa fulani kulitosha kumfanya aonekane ana ugonjwa, na kuonekana ana ugonjwa kulitosha kumfanya aonekane malaya. Wakati watu wakitazama nguo, virusi vilikuwa vikipita kwa waume na wake, wavuvi na walimu, na wala havikuuliza mtu kavaa nini. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa na wagonjwa. Kagera ilibaki na nyumba zinazoongozwa na bibi na wajukuu.

Marekani nao walikosea kwa namna yao. Mwaka 1982, kabla jina la sasa halijakubaliwa, baadhi ya madaktari waliuita upungufu wa kinga wa wanaume wa mapenzi ya jinsia moja. Jina hilo liliwafanya wengine wote wajione wako salama. Hapa Ndolage ulikuwa ugonjwa wa baba na mama tangu siku ya kwanza, na ushahidi huo kutoka kanda hii ni miongoni mwa mambo yaliyousahihisha ulimwengu.

Pande zinazovutana

Makanisa ya mkoa huu hayana utata katika msimamo wao. Mwaka 2004 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania walitoa tamko linaloitwa la Bukoba, wakikataa ndoa za jinsia moja. Mwaka 2010 kanisa hilo lilirudia msimamo huo kwa nguvu zaidi katika Tamko la Dodoma. Hapo katikati lipo jambo linalowagusa Walutheri wa Bukoba: Askofu wao wa kwanza, Bengt Sundkler, alikuwa Msweden, na Kanisa la Sweden ndilo lililoamua Oktoba 2009 kufungisha ndoa hizo. Ni mvutano wa ndugu wa miaka mingi, wala si wa wageni.

Wakatoliki nao, baada ya Vatican kuruhusu tarehe 18 Desemba 2023 baraka zisizo za kiliturujia kwa watu wa uhusiano wa jinsia moja, waliwasikia maaskofu wa Afrika wakijibu Januari 11, 2024, kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwamba baraka hizo hazitatolewa barani. Misikiti ya Bukoba ina msimamo uleule.

Sheria pia iko wazi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kinyume cha maumbile kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Mzizi wake ni sheria za kikoloni za Waingereza, na ukali wa sasa uliongezwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kinachoadhibiwa hapo ni tendo linalothibitishwa mahakamani. Sauti, mwendo, nguo au neno lililoandikwa chini ya picha si tendo hilo.

Upande wa pili wapo watu wa afya. Wao husema mtu anayeogopa kutajwa haendi kupima. Mwaka 2016 na 2017 Serikali ilizuia vilainishi na kufunga vituo vilivyohudumia makundi yaliyo katika hatari zaidi ya maambukizi, na hoja ya maadili ikapambana waziwazi na hoja ya kinga. Wapo pia wanaotetea haki za binadamu, na wapo wahusika wenyewe, ambao hapa hutawasikia wakizungumza mchana. Wanaotumia kuchu au wanaolirudisha neno shoga kwa fahari hufanya hivyo kwa majina ya bandia.

Serikali yenyewe imewahi kuonyesha kwamba kuna mpaka. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi kumtumia majina ya watu wanaowashuku kuwa mashoga, na ujumbe ukamiminika kwa maelfu. Novemba 4 Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Najiuliza ni wangapi katika orodha ile walitajwa na jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba.

Nani anaumia

Katika kuzunguka Bukoba na Muleba sikuona kijana aliyegeuzwa maisha na neno "slay". Niliona waliojeruhiwa na maneno mengine. Mvulana wa kidato cha pili aliyeacha kwaya kwa sababu sauti yake haijavunjika na wenzake wamempa jina. Msusi wa kiume aliyehama mtaa. Mama aliyenunua mwavuli wa pili wakati wa kwanza ulikuwa mzima.

*Anayeogopa kutajwa haendi kupima, na mtoto anayeogopa kuitwa jina haendi shule.*

Unaweza kuamini yote yanayofundishwa na makanisa ya Bukoba, na mimi sina ugomvi na imani ya mtu, na bado ukaona kwamba kumwita mtoto choko mbele ya darasa ni ukatili. Hakuna andiko linaloagiza hivyo. Mwalimu anayecheka pamoja na wanafunzi amekubali. Mchekeshaji anayetafuta wafuasi kwa kiuno kilicholegezwa anajua anachouza, na sisi tunaosambaza ndio wateja wake.

Ninachowaomba wazazi ni hiki: ukikuta neno usilolielewa kwenye simu ya mwanao, muulize amelipata wapi na anadhani lina maana gani kabla hujashika fimbo. Mara nyingi utakuta hajui. Mweleze basi, kwa lugha ya nyumbani kwenu, na msimamo wa nyumba yenu mweleze vilevile. Walimu wa malezi waliopo mashuleni walifanye hilo kuwa kazi yao, maana matusi ya mtandaoni hayasubiri mtaala.

Na kwenu wasimamizi wa magrupu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote kwa pamoja. Sheria hiyo inamtaja anayeanzisha ujumbe na anayeutuma.